Tisini na Moja, Namba Tasa

Sogeeni. Aliye na karanga mdomoni azitafune amalize, maana leo sitaki kelele za meno. Nina kesi hapa nimeibeba miaka mingi, na kila nikiisimulia naondoka nimeacha watu wanagombana. Basi shikeni kwanza watu watatu na vipawa vyao, mengine yatakuja.

Wa kwanza ni Mboni, msuka mikeka. Wenzake walisuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, wa miyaa, yaani majani ya ukindu, saba au tisa, yeye alisuka wa miyaa kumi na mitatu, na vidole vyake havikukosea hata akiwa anapiga soga.

Wa pili ni Faki, fundi wa kuezeka makuti, mtu wa miaka hamsini na ushei, mguu mmoja umelemaa tangu alipoanguka kutoka juu ya paa. Ukimwonyesha pembe ya nyumba, yaani ule upande unaoanza mpana chini na kuishia na ncha juu, alikutajia idadi ya makuti kabla hajapanda ngazi. Hayakuzidi, hayakupungua.

Wa tatu ni Chiku, muuza nazi sokoni. Yeye alipanga nazi zake mrundo mrefu uliosimama bila kikapu wala kamba. Ng'ombe walipita, watoto walikimbizana, na mrundo wa Chiku ulibaki pale pale.

Hao watatu walikaa mji mmoja uitwao Kitopeni, na Kitopeni walikuwa na wimbo. Ulianza mbili mara moja, ukaisha kumi mara kumi, mia. Waliuimba wakitwanga, waliuimba wakibembeleza watoto, na hesabu zao zote za dunia zilikuwa humo. Namba iliyotajwa katika wimbo waliiita mzazi, kwa sababu ina watoto wa kutosha kugawana sawa. Na namba ambayo haimo katika wimbo, wala haikatiki nusu kwa nusu, waliiita tasa. Neno lenyewe mnalijua, na mnajua huwa linarushiwa nani.

Lilirushiwa Bi Sauda, mke wa Jumbe Kitwana aliyetawala mji ule. Miaka tisa ya ndoa, hana mtoto. Na Kitopeni mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake, huitwa Mama Fulani. Sasa Bi Sauda angeitwa Mama nani? Wanawake wa sokoni walipata dawa. Walimwamkia, "Hujambo, Mama..." halafu wanakohoa. "Khe! Khe!" Na yeye akajibu, "Sijambo." Miaka minane alikijibu kile kikohozi, akafika nyumbani, akafunga mlango, akalia. Nasema alilia kwa sababu alilia, sina haja ya kuwapambia.

Jumbe alikuwa na ami yake, Mwinyi Chande, baba yake Mboni. Mzee huyu alitaka binti yake aingie nyumba ile, awe mke wa Jumbe badala ya Bi Sauda. Akachimbua sheria ya zamani iliyokuwa imesahauliwa, na ingekuwa heri ibaki huko huko. Sheria ilisema: mwanamke aliyetimiza miaka tisa bila mtoto apewe namba tasa, aizalishe. Akiweza, neno tasa halitatajwa tena juu yake. Akishindwa, atatoka kwa mlango wa nyikani na nguo alizovaa, siku hiyo hiyo. Na nyika ya upande ule ilikuwa mwendo wa siku tatu bila kisima. Aliyetokea mlango ule hakuwahi kurudi kusimulia.

Na Jumbe je? Jumbe alimpenda mkewe. Lakini alimwogopa ami yake kuliko alivyompenda mkewe, akainamisha kichwa, akasema, "Iwe kama sheria inavyosema." Mwanamume huyu simpendi, na niliahidi kuwaambieni kesi, sikuahidi kuficha moyo wangu.

Siku ikafika. Baada ya adhuhuri nazi zilizofuliwa zilimwagwa mchangani mbele ya nyumba ya Jumbe, zikahesabiwa mbele ya mji mzima. Tisini na moja. Watu wakaupitia wimbo vichwani mwao, midomo ikichezacheza. Tisa mara kumi, tisini. Kumi mara kumi, mia. Tisini na moja haimo. Mwinyi Chande alikuwa ameitafuta wiki nzima.

"Bi harusi huulizwa mara tatu ndipo ndoa ifungwe," alisema. "Na huyu ataulizwa mara tatu. Kivuli cha mlingoti wa bendera kikigusa kizingiti cha nyumba hii, muda umekwisha. Anayetaka kumsaidia amsaidie. Lakini atakayegusa nazi hata moja, naye ametia mguu kwenye safari yake. Wakishindwa, watatoka pamoja."

Watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Bi Sauda akabaki katikati peke yake.

"Swali la kwanza," akasema Mwinyi Chande. "Zigawe mafungu yanayolingana. Fungu lisiwe moja tu, wala nazi isikae peke yake ikaitwa fungu. Utajaribu mara tatu."

Bi Sauda alipiga magoti akagawa mafungu mawili. Nazi nzito, jua kali, jasho likamwingia machoni. Arubaini na tano huku, arubaini na tano kule, na moja mkononi.

"Imebaki moja!" watu wakaitikia.

Akazichanganya, akagawa mafungu matatu. Thelathini, thelathini, thelathini. Na moja mkononi.

"Imebaki moja!"

Kivuli kilikuwa kimetambaa theluthi ya njia. Bi Sauda alikuwa amebakiwa na jaribio moja tu, akanyoosha mkono aanze mafungu matano, na mimi na wewe tunajua ingebaki ngapi.

"Wifi, siyo tano!"

Watu waligeuka. Alikuwa Mboni.

"Mboni," akasema baba yake, polepole. "Ukigusa nazi hiyo, utatoka naye. Na hata msipotoka, mimi si baba yako tena. Umenisikia?"

Mboni alimtazama baba yake. Kisha akainama, akaokota nazi.

"Nimegusa," alisema.

Sasa sikilizeni kosa la watu wa Kitopeni. Wimbo wao wa saba uliishia saba mara kumi, sabini, na hapo kila mtu alinyamaza tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kuibeba saba akavuka nayo ng'ambo ya sabini. Walidhani pale wimbo unapoishia ndipo namba zinapoishia kuzaa. Lakini Mboni alikuwa na kumi na tatu vidoleni. Kila safu ya ukili wake ilikuwa kumi na tatu, na alijua safu saba zinakula miyaa mingapi, kwa sababu ndiye aliyekwenda kuikata.

Akapanga na wifi yake. Safu ya nazi kumi na tatu. Safu ya pili. Ya tatu. Ya nne. Watu walikuwa wanahesabu kwa sauti. Ya tano. Ya sita. Zilizobaki zilikuwa zimezagaa mchangani, hakuna aliyejua ni ngapi. Mboni akaziokota moja moja: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mkono wake ukapapasa mchanga, haukukuta kitu.

Safu saba za nazi kumi na tatu. Haikubaki hata moja.

Laiti mzee yule angesogea mbele kidogo akachagua tisini na saba, hadithi yangu ingekufa hapa, kwa kuwa ile ni tasa kwelikweli, hata ungemleta msuka mikeka wa Bara Hindi. Alichagua tisini na moja kwa kuwa aliuamini wimbo.

Umati ukaguna. Mwinyi Chande hakuguna. Alipita katikati ya zile safu, akasema, "Hili ni kundi la mbuzi. Watoto wa mtu hawalingani. Yupo wa kwanza, yupo anayemfuatia, mpaka kitinda mimba. Swali la pili. Zipange hivyo. Kila safu imzidi mdogo wake kwa nazi moja kamili, ya mwisho iwe ya nazi moja. Jaribio ni moja."

Mboni akatazama vidole vyake. Havikujua jambo hilo. Mkeka una safu sawa, hauna kitinda mimba. Bi Sauda naye alikuwa anahema tu. Waanze na ngapi chini? Wakianza na kumi, nazi zitazidi. Wakianza na kumi na tano, zitapungua.

Kukasikika mguu unaburuzwa mchangani. Faki alikuwa anakuja.

"Fundi, rudi," mtu mmoja akamwambia. "Kwa mguu huo utafika wapi nyikani?"

"Sitafika popote," Faki akajibu. Akamwambia Bi Sauda, "Mwanangu, sogea kidogo." Akainama kwa shida, akagusa.

Alichokiona yeye ni pembe ya nyumba. Mwezekaji huchukua safu ya chini kabisa akaiunganisha na ya juu kabisa. Kumi na tatu na moja, kumi na nne. Kumi na mbili na mbili, kumi na nne. Zikaja jozi sita za kumi na nne, na katikati ikabaki safu ya nazi saba isiyo na mwenzake. Themanini na nne, na saba. Alifumba macho mara moja tu, akayafumbua.

"Kumi na tatu chini," alisema.

Wakapanga. Kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja. Faki alikuwa anatambaa, maana kuinuka na kuinama kungemchelewesha. Kumi, tisa, nane. Kivuli kilipita nusu ya njia. Saba, sita, tano, nne. Tatu. Mbili. Akanyoosha mkono kwa ile ya mwisho.

Haikuwepo.

Ncha ilikuwa tupu. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Mboni alianza kuhesabu upya kutoka chini, na Bi Sauda akajifunika uso kwa upande wa kanga yake.

Faki hakuhesabu. Alibaki amekaa mchangani, akasema, "Nazi zilikuwa tisini na moja. Mimi paa langu halina tundu." Akaangaza huku na huku. Kisha macho yake yakasimama. "Mwinyi Chande, tafadhali, inua kanzu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mwinyi Chande neno kama hilo. Jumbe mwenyewe, kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Ami, inua."

Akainua. Nazi ilikuwa hapo, katikati ya miguu yake. Iliviringika yenyewe au ilisaidiwa, mimi sikuwepo. Faki akaichukua, akaiweka kwenye ncha.

Sasa kivuli kilikuwa na mwendo wa hatua nne tu. Mwinyi Chande alikuwa amebadilika rangi.

"Familia mnayo," alisema. "Inalala wapi? Swali la tatu. Ijengeeni nyumba. Sakafu ya mraba, juu yake sakafu ya mraba iliyopungua nazi moja kila upande, mpaka kileleni ikae nazi moja. Zote ziingie, na isimame mpaka kivuli kiguse kizingiti."

Nazi ni ya mviringo, huteleza, na hapakuwa na muda wa kujenga upya ikiporomoka hata mara moja.

Ndipo Chiku akapenya katika umati. Watu walishangaa, na Bi Sauda alishangaa kuliko wote. Katika wale wanawake wa sokoni, mkohozi mkuu alikuwa Chiku. Ndiye aliyeanzisha. Khe ya kwanza ilitoka kooni mwake miaka minane iliyopita, na wenzake wakaipokea.

Chiku hakumtazama Bi Sauda usoni. Akagusa nazi. "Mraba wa sita chini," alisema. "Wa tano unakula hamsini na tano tu, najua. Sita kwa sita. Zizamisheni mchangani kidogo, hasa za pembeni. Upesi!"

Thelathini na sita zikalala. Juu ya mashimo yaliyobaki kati yao, ishirini na tano. Kisha kumi na sita. Chiku alipanga kwa mikono miwili kwa pamoja, hatazami, anasikiliza tu nazi inavyokaa. Alipoanza ile sakafu ya nazi tisa, pembe moja ya chini ikafumuka. Nazi ikateleza, mrundo wote ukatoa mlio.

"Bi Sauda, pembe!"

Bi Sauda akajitupa kifudifudi, akaizuia kwa mikono na kifua. Chiku akasukuma mchanga kwa goti, akasubiri, mdomo wazi. Mlio ukakoma. Tisa. Kisha nne. Kivuli kilikuwa upana wa kiganja kutoka kizingitini. Chiku akaishika ya mwisho, akaipandisha, lakini hakuiachia. Akaanza kulia. Bado hakuiachia. Kivuli kilikuwa upana wa vidole viwili.

"Iachie, Chiku," Bi Sauda akasema kutoka chini. "Iachie tu."

Akaiachia. Ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikakaa. Kivuli kikagusa kizingiti.

Sitawasimulia vigelegele. Kesi yangu inaanzia baada ya vigelegele.

Sheria ile ilikuwa na mkia ambao Mwinyi Chande hakuusoma. Mwanamke aliyeizalisha namba haondoki uwanjani bila jina. Lazima aitwe Mama Fulani siku hiyo hiyo, na jina litoke kwa mmoja wa waliogusa pamoja naye. Huyo atakuwa mwanawe mbele ya mji: ataishi nyumbani kwake, atakula sahani moja naye, na siku Bi Sauda akifa, yeye ndiye atakayemzika. Na jina ni moja. Huwezi kumwita mtu majina matatu kutoka upande wa pili wa barabara.

Mpiga mbiu wa mji akapuliza pembe yake, akauliza, "Mji umwite Mama nani?"

Bi Sauda akawageukia wale watatu. "Semeni," alisema.

Mboni akasema, "Wifi, nilipogusa mimi, mji wote ulijua jibu halipo. Hawa walikuja wameshaona kwamba lipo. Na leo asubuhi nilikuwa na baba. Jioni hii sina pa kulala."

Mwinyi Chande akacheka kwa uchungu. "Mwulizeni alikuwa anamwokoa nani! Hakutaka kuolewa na Jumbe. Alijitetea mwenyewe."

Mboni hakukana. "Kweli sikutaka," alisema. "Lakini ningeweza kukataa kwa mdomo. Sikulazimika kushika nazi."

Faki alikuwa bado amekaa mchangani. "Mimi sikuwa na la kupata," alisema. "Wala la kukimbia. Swali lile la pili lingemtoa huyu mwanamke kama lile la kwanza, na kama si kumkumbusha mkubwa ainue kanzu, tungekuwa njiani sasa hivi. Mama yangu alinifia nikiwa ninanyonya. Sijawahi kumsikia mtu akiitwa Mama Faki. Najua mnacheka, nimemzidi umri. Chekeni. Ningependa kulisikia jina hilo mara moja kabla sijafa."

Na kweli kuna waliokuwa wanacheka. Waliacha.

Chiku ndiye aliyechelewa kusema. "Mimi sistahili," alisema, na watu wakadhani amemaliza. "Nilikohoa. Nilikohoa kila siku, na kila siku nilimwona anavyojibu. Leo nimeijenga nyumba ambayo hawa wawili wasingeiweza, dakika ya mwisho, na ingeanguka ningekufa naye. Hilo halifuti kitu. Lakini akiitwa Mama Chiku, kila mwanamke wa soko lile atalazimika kulimalizia jina nililolikata mimi. Kila siku. Mbele yangu."

Mpiga mbiu akauliza mara ya pili, "Mji umwite Mama nani?"

Bi Sauda alimtazama Mboni, aliyempoteza baba na pia kujiokoa. Akamtazama Faki, asiyetafuta kitu, ambaye angemzika mama aliye mdogo kwake, au pengine azikwe yeye kwanza. Akamtazama Chiku, aliyemuumiza kuliko wote na kumshikilia mwisho wa wote. Toa swali lolote katika yale matatu, na Bi Sauda angekuwa nyikani. Kila mmoja aligusa, na kila mmoja angetoka naye.

Mpiga mbiu akauliza mara ya tatu. Bi Sauda akafungua mdomo, akasema, "Mimi ni Mama..." na jina likafuata, na mji ukalisikia vizuri.

Mimi silisemi. Nikilisema, nitakuwa nimewanyima kesi yenu, na nyie nimewaona tangu mwanzo mmeshaanza kutazamana. Wewe uliyekaa pale mbele, usimwangalie jirani yako. Ungekuwa wewe uwanjani pale, na watu watatu wanakusubiri, ungejiita Mama nani? Na wale wawili utakaowaacha, utawaambia nini usoni?